Takwimu za Watu Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Teknolojia ya Habari na Ushirikiano wa Kikanda

Kati ya mwaka 2019 na 2024, Kenya, Tanzania, Rwanda, Uganda na Burundi zilihesabu watu wake kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Ni mageuzi makubwa yaliyofanyika katika muda mfupi, na yameibua maswali kutoka kwa wanafunzi, waandishi wa habari, maofisa mipango wa wilaya na wananchi wanaotaka kujua majibu waliyompa karani yalikwenda wapi. Majibu yafuatayo yanahusu hasa namna nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinavyoweza kuitumia teknolojia hiyo kwa pamoja, ili takwimu ziwe sahihi zaidi ndani ya kila nchi na ziweze kulinganishwa zinapovuka mpaka.

Takwimu za idadi ya watu hutoka wapi?

Hutoka katika vyanzo vitatu vinavyotegemeana. Cha kwanza ni sensa ya watu na makazi, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka kumi na humfikia kila mtu aliyemo nchini. Cha pili ni usajili wa vizazi, vifo, ndoa na talaka, ambao hupaswa kufanyika kila siku. Cha tatu ni tafiti za sampuli, ambapo kaya chache huchaguliwa kwa utaratibu wa kitaalamu na kuhojiwa kwa kina kuhusu uzazi, afya, kipato au uhamaji. Nchi yenye usajili imara huweza kujua idadi ya watu wake mwaka hadi mwaka bila kungoja sensa. Katika ukanda wetu usajili bado ni dhaifu, hasa wa vifo, na ndiyo maana sensa imebeba mzigo mkubwa kuliko inavyostahili.

Kishikwambi kimebadilisha nini hasa katika sensa?

Mabadiliko ya kwanza ni kasi. Kenya ilihesabu watu Agosti 2009 na ikatangaza matokeo mwishoni mwa Agosti 2010, mwaka mzima baadaye. Iliporudia kazi hiyo usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, ikitumia vishikwambi vilivyounganishwa nchini kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, matokeo ya awamu ya kwanza yalitoka tarehe 4 Novemba mwaka huohuo: watu 47,564,296. Tanzania ilihesabu watu kuanzia tarehe 23 Agosti 2022, na tarehe 31 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jijini Dodoma kwamba nchi ina watu 61,741,120.

Hata hivyo, kasi siyo faida kubwa kuliko zote. Faida kubwa zaidi ni kwamba kosa hugunduliwa karani akiwa bado amekaa mbele ya mkuu wa kaya. Karani akijaza kwamba mama ana umri wa miaka 19 na mtoto aliyemzaa ana miaka 11, programu husita na kumtaka ahakiki. Huenda mtoto huyo ni mdogo wake, au umri wa mama umekosewa, na karani huuliza tena palepale, akapata jibu na kuendelea. Katika sensa ya makaratasi, kosa kama hilo lilionekana miezi kadhaa baadaye katika chumba cha uchakataji, mahali ambapo hakuna mtu aliyeijua kaya hiyo, na mtaalamu hakuwa na la kufanya isipokuwa kukisia kwa kufuata kanuni.

Faida nyingine ni mahali. Kila kaya iliyohojiwa huacha alama ya GPS kwenye ramani ya eneo la kuhesabia watu. Jioni msimamizi anapofungua ramani na kuona upande wa mashariki wa kijiji hauna alama hata moja, ilhali picha ya setilaiti inaonyesha mapaa ya nyumba, humrudisha karani huko asubuhi inayofuata. Zamani upungufu huo ungegunduliwa, kama ungegunduliwa, wakati makarani wamekwishalipwa na kurudi makwao.

Je, ushirikiano wa kitakwimu katika Afrika Mashariki ni jambo jipya?

Hapana. Mwaka 1948 sensa ilifanyika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar chini ya idara moja ya takwimu ya Afrika Mashariki, na kwa wanahistoria wa idadi ya watu hesabu hiyo bado ni msingi wa kulinganishia. Ilikuwa kazi ya utawala wa kikoloni, kwa malengo ya kikoloni, lakini ilikuwa na jambo ambalo hatujalipata tena tangu hapo: maeneo yote yalihesabiwa katika mwaka mmoja.

Urithi mwingine ni wa mafunzo. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi zinazotumia Kiingereza, na mwaka 1969 ikaanzishwa taasisi ya takwimu katika Chuo Kikuu cha Makerere iliyokuwa na dhamira hiyohiyo ya kikanda. Watakwimu wengi walioongoza sensa za nchi zetu walipita katika vyuo hivi, na kufahamiana kwao kumesaidia kazi nyingi ambazo hazijawahi kuandikiwa mkataba.

Kama kila nchi imekwisha kufanya sensa ya kidijitali, ushirikiano unahitajika kwa nini?

Kwa sababu mashine zilizofanana zimezalisha takwimu zisizofanana. Tuanze na tarehe. Kenya ilihesabu 2019, Tanzania na Rwanda Agosti 2022, Uganda Mei 2024 na Burundi Agosti 2024. Anayetaka kujua Jumuiya ilikuwa na watu wangapi katika mwaka wowote analazimika kuchukua hesabu za miaka tofauti na kuzisogeza mbele au nyuma kwa makadirio, na kila hatua ya makadirio huongeza mashaka. Kwa nchi inayokua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kama Tanzania ilivyokua kati ya 2012 na 2022, tofauti ya miaka mitano si jambo dogo.

Tatizo zito zaidi ni fasili. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi. Hakuna mtu anayezijua nchi hizi mbili atakayeamini kwamba ukivuka kutoka Taveta kwenda Holili ulemavu unaongezeka mara tano. Kwa sehemu kubwa tofauti hiyo inatokana na kizingiti: mtu mwenye ugumu kiasi wa kuona au kutembea ahesabiwe kuwa ana ulemavu, au ahesabiwe yule tu mwenye ugumu mkubwa au asiyeweza kabisa? Maswali yaliyoulizwa yanakaribiana, kwa kuwa nchi zote mbili zilifuata mtindo wa kimataifa wa kuuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Kilichotofautiana ni mstari uliochorwa baada ya majibu. Ofisa anayepanga viti mwendo au walimu wa elimu maalumu kwa ukanda mzima hawezi kuziweka takwimu hizo katika jedwali moja bila kumpotosha msomaji, na bado majedwali ya namna hiyo huchapishwa.

Miji nayo ina tatizo hilohilo. Nchini Kenya, mahali penye watu wasiopungua 2,000 wanaoishi pamoja huhesabiwa kuwa mji, wakati nchi nyingine hutegemea zaidi hadhi ambayo serikali imelipa eneo. Kenya ikisema takriban asilimia 31 ya watu wake wanaishi mjini na Tanzania ikasema takriban asilimia 35, msomaji hawezi kujua kwa hakika ni nchi ipi yenye ukuaji mkubwa wa miji. Hapa teknolojia inaweza kutoa suluhisho ambalo karatasi haikuweza. Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mbinu ya kupima kiwango cha umiji kwa kuigawa nchi katika miraba ya kilomita moja ya mraba. Miraba inayopakana yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja, ikiwa kwa pamoja ina watu wasiopungua 50,000, huitwa jiji, bila kujali tangazo la serikali linasemaje. Kwa kuwa sensa za kidijitali zimeweka alama ya mahali kwa kila kaya, nchi zetu zinaweza kutoa takwimu hizi bila kuwasumbua wananchi kwa swali lolote jipya.

Tushirikiane kwanza katika nini: vifaa, wataalamu au viwango?

Vifaa huvutia zaidi kwa sababu vinaonekana na vina gharama. Ni kweli kwamba nchi kadhaa za Afrika zimeazimana vishikwambi baada ya sensa zao, na ni jambo jema, kwani nchi hununua maelfu kwa maelfu ya vifaa kwa kazi ya wiki chache. Lakini kishikwambi huzeeka upesi. Betri hufifia, mfumo wake hukosa masasisho ya usalama, na baada ya miaka kumi hakuna kitakachofaa kwa sensa inayofuata. Tanzania ilipeleka vishikwambi vyake katika elimu, vikatumiwa na walimu, na huo ni uamuzi wa busara kuliko kuviacha ghalani.

Programu ni rahisi zaidi kushirikishana. CSPro, inayotolewa bure na idara ya sensa ya Marekani, imetumika katika sensa na tafiti nyingi barani Afrika. Dodoso lililoandikwa na ofisi moja, pamoja na kanuni zake za kuhakiki umri, uzazi na uhusiano wa wanakaya, linaweza kupelekwa ofisi nyingine likarekebishwa badala ya kuanzwa upya. Wataalamu nao wanaweza kuazimwa, na waliosimamia seva katika sensa ya nchi moja wana ujuzi ambao hakuna semina inayoweza kuutoa.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kinachotakiwa kutangulia ni kile kisichopigwa picha wakati wa uzinduzi: fasili za pamoja, misimbo ya pamoja ya maeneo (namba zinazotambulisha kila eneo), na orodha ya maswali ya msingi ambayo kila nchi itayauliza kwa namna ileile kabla ya kuongeza yake. Lugha inaturahisishia kazi. Maneno ya swali la Kiswahili kuhusu mkuu wa kaya, makazi ya kawaida au uhamaji, yakishajaribiwa kwa kina Tanga, yanaweza kujaribiwa Mombasa, Bujumbura na Goma kwa marekebisho machache, na tofauti za uelewa zikabainika kabla ya sensa. Kazi hii ni ya bei nafuu kuliko ununuzi wowote wa vifaa, na bila hiyo vifaa vitatupatia tu takwimu zisizolinganika kwa haraka zaidi.

Watu wanaoishi mpakani na wafugaji wanaohamahama wanahesabiwaje?

Kenya na Tanzania humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Kanuni hiyo ni nyepesi kueleweka na huzuia mtu kuhesabiwa mara mbili ndani ya nchi. Mpakani mambo hubadilika. Chukua familia ya Wamaasai yenye maboma mawili, moja Kajiado upande wa Kenya na jingine Longido upande wa Tanzania, inayofuata malisho kulingana na mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 familia hiyo ikiwa imelala Longido, Kenya haikuihesabu, na Tanzania haikuwa na sensa mwaka huo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ikiwa imelala Kajiado, Tanzania nayo haikuihesabu. Karani wa kila upande alifanya kazi yake kikamilifu, kishikwambi hakikuwa na hitilafu, na bado watu hao hawamo katika sensa yoyote ya mzunguko huo. Mpangilio ukigeuka, familia hiyohiyo inahesabiwa kuwa wakazi wa nchi mbili.

Dosari hii haiwezi kurekebishwa na nchi moja peke yake. Inahitaji ama sensa zifanyike kwa tarehe zinazokaribiana, ama ofisi mbili za takwimu zikubaliane kufanya utafiti wa pamoja katika wilaya na kaunti za mpakani, kwa dodoso moja linaloulizia mahali ambapo kaya ilikuwa katika tarehe zote mbili. Katika kaya chache zilizochaguliwa vizuri mtu angepata kipimo cha ukubwa wa tatizo, na kipimo hicho kingewahusu pia wavuvi wa visiwa vya Ziwa Victoria na wafanyabiashara wanaolala leo Busia ya Kenya na kesho Busia ya Uganda.

Nchi ambazo hazijafanya sensa kwa miaka mingi zinasaidiwaje?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ilifanya sensa yake ya mwisho ya kitaifa mwaka 1984. Mkongomani mwenye umri wa miaka arobaini leo hajawahi kuhesabiwa katika nchi yake. Somalia, iliyojiunga mwaka 2024, ilifanya sensa ya mwisho miaka ya 1986 na 1987, na matokeo yake hayakuchapishwa kikamilifu. Sudani Kusini inategemea hesabu ya 2008, iliyofanyika kabla ya uhuru na kupingwa na serikali ya kusini yenyewe. Kwa hiyo nchi tatu kati ya nane za Jumuiya hazina msingi wa sensa ya karibuni.

Setilaiti zimetoa njia ya kati. Sudani Kusini ilifanya utafiti wa makadirio mwaka 2021: kaya za sampuli zilihojiwa katika maeneo yaliyofikika, picha za setilaiti zikatumiwa kutambua majengo nchi nzima, na kwa hesabu za kitakwimu ikakadiriwa idadi ya watu hata pale ambapo mafuriko au ukosefu wa usalama uliwazuia watafiti. Jumla ilikuwa takriban watu milioni 12.4. Somalia nayo ilikuwa imepata makadirio ya takriban watu milioni 12.3 kutokana na utafiti uliofanyika mwaka 2013 na 2014.

Makadirio haya ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini yasichukuliwe kuwa ni sensa. Paa lililoonekana angani halisemi kama nyumba ina watu wanane au ilihamwa mwaka jana, na katika nchi yenye mamilioni ya watu waliokimbia makwao kosa la aina hiyo huwa kubwa. Nchi jirani zinaweza kusaidia kwa namna ambayo picha haiwezi: Uganda, inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi wao kutoka Sudani Kusini na Kongo, ina takwimu za kutosha kuhusu umri wao, ukubwa wa kaya zao na maeneo walikotoka. Takwimu hizo zikitolewa kwa jumla, bila majina, zinaweza kurekebisha makadirio ya nchi walikotoka.

Je, data za simu za mkononi zinaweza kuchukua nafasi ya sensa?

Haziwezi, ila zinaonyesha jambo ambalo sensa hulionyesha vibaya, yaani mwendo wa watu. Mfano unaojulikana sana ni wa Kenya: watafiti walitumia data zisizo na majina za takriban wateja milioni 15 wa simu, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, wakaonyesha jinsi vimelea vya malaria vinavyosafiri pamoja na watu kutoka kanda ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi na kwingineko. Hata hivyo mtoto mchanga hana simu, bibi kijijini huenda hutumia ya mjukuu, na kijana wa mjini ana laini tatu. Zaidi ya hapo, mtu akivuka mpaka hubadilisha laini na hutoweka katika data za kampuni ya kwanza, hivyo uhamaji wa kikanda, ambao ndio tungependa kuujua zaidi, hauonekani isipokuwa mamlaka za nchi mbili zimekubaliana.

Usajili wa vizazi na vifo una nafasi gani?

Nafasi kubwa kuliko inayopewa. Kuanzia mwaka 2013 mkoani Mbeya, Tanzania ilijaribu utaratibu wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi na mzazi akaondoka na cheti bila malipo siku ileile, kisha utaratibu huo ukapelekwa mikoa mingine. Rwanda kuanzia 2020 huruhusu mtoto asajiliwe hospitalini alikozaliwa. Mambo haya mawili yanafanana katika kanuni moja: mfumo unamfuata mzazi mahali ambapo tayari amefika, badala ya kumtaka asafiri hadi makao makuu ya wilaya.

Kwa upande wa vifo hali ni ngumu zaidi, kwa sababu wengi hufia nyumbani na mazishi hayangoji karatasi. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji hujua kila msiba ulio katika eneo lao, na nchi ikimpa mwenyekiti njia rahisi ya kutuma taarifa kwa simu, hata ile isiyo na intaneti, imepata nusu ya mfumo wa usajili. Kikanda, kinachohitajika ni makubaliano kuhusu mtoto aliyezaliwa hospitali ya nchi jirani: asajiliwe wapi, na taarifa zake zifikeje nchi ya wazazi wake bila kuingizwa mara mbili.

Taarifa zangu binafsi zikivuka mpaka, nani ananilinda?

Kwanza ieleweke kwamba ushirikiano wa takwimu hauhitaji majina yavuke mpaka. Kinachotakiwa ni majedwali, fasili, misimbo na, kwa watafiti wenye kibali, sampuli za data zilizoondolewa utambulisho. Sheria za takwimu za nchi zetu humkataza karani na ofisi kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja. Juu ya hizo zimeongezwa sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022.

Hatari mpya ipo katika alama za mahali. Jedwali la kijiji chenye kaya mbili za kabila au dini fulani humfichua mtu hata bila jina, na ramani yenye nukta za kila kaya humfichua zaidi. Katika ukanda ambao mwaka 1994 kitambulisho kilichoandikwa kabila kiliamua nani afe na nani apone nchini Rwanda, tahadhari hii haiwezi kuitwa woga uliopitiliza. Sensa ya leo ya Rwanda haiulizi kabila, na nchi jirani zinazouliza zinapaswa kuwa na jibu la wazi kuhusu kiwango cha eneo ambacho takwimu hizo zinaruhusiwa kuchapishwa.

Je, teknolojia imeondoa mabishano kuhusu matokeo?

Haijaondoa. Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilikataa matokeo ya wilaya nane za Turkana, Mandera, Wajir na Garissa kwa sababu hesabu zilizidi ukuaji unaowezekana. Mwaka 2019 kazi ilifanyika kidijitali, na bado Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ilibatilisha matokeo kwa maeneo ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, safari hii wenyeji wakilalamika kwamba walihesabiwa pungufu. Idadi ya watu huamua mgawo wa fedha na mipaka ya majimbo, hivyo watu wataendelea kuibishania, na ni haki yao.

Kinachojenga imani ni uwazi. Utafiti wa tathmini unaofanyika baada ya sensa, ambapo kaya chache huhesabiwa upya na timu tofauti, unapaswa kuchapishwa kikamilifu, pamoja na kiwango cha watu walioachwa. Mtakwimu wa nchi jirani akialikwa kushiriki katika tathmini hiyo, matokeo hupata shahidi asiye na maslahi katika mgawo wa ndani, na gharama yake ni nauli na posho. Mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha sheria yake kwa namna iliyozuia kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, kisha mwaka 2019 ikaliondoa zuio hilo. Hatua ya pili ndiyo iliyozilinda takwimu zenyewe, kwa sababu takwimu isiyoruhusiwa kuhojiwa haina namna ya kuonyesha kwamba ni sahihi.

Nani anaratibu kazi hii?

Sekretarieti ya Jumuiya iliyopo Arusha hukusanya na kuchapisha takwimu za nchi wanachama, na Mkataba wa Takwimu wa Afrika, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 2009 na kuanza kutumika 2015, unatoa misingi ya bara zima. Ugumu ni kwamba nchi moja imo katika jumuiya kadhaa: Tanzania na Kongo zimo pia katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika; Kenya na Uganda zimo katika COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na katika IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Ofisi ya takwimu yenye wataalamu wachache hujikuta ikijaza madodoso manne yanayoulizia jambo lilelile kwa namna nne.

Mzunguko ujao wa sensa unaanza lini, na nini kinaweza kufanyika kabla yake?

Mzunguko wa kimataifa wa 2030 unahusisha sensa zote zitakazofanyika kati ya 2025 na 2034. Kwa kufuata utaratibu wa miaka kumi, Kenya itahesabu 2029, Tanzania na Rwanda 2032, Uganda na Burundi 2034. Kuzilazimisha nchi zote zihesabu mwaka mmoja ni jambo gumu kisiasa na kibajeti, na pengine siyo lazima.

Lililo hakika ni kwamba, kwa utaratibu huo, Kenya itakuwa ya kwanza, na dodoso lake litaandaliwa na kujaribiwa kabla ya 2029, wakati nchi nyingine bado ziko mbali na sensa zao. Ikiwa fasili za ulemavu, umiji, uhamaji na makazi ya kawaida zitakubaliwa kabla ya jaribio hilo, watakwimu wa Dodoma, Zanzibar, Kigali, Kampala na Gitega watakuwa na nafasi ya kukaa pamoja na wenzao wa Nairobi wakati maswali yanajaribiwa, na kuyachukua yakiwa yamekwisha kupimwa. Zikichelewa, Kenya itatumia fasili zake, nazo zitabaki katika mfululizo wake wa takwimu hadi 2039.